Askofu Festo Kivengere: Mwalimu wa Dodoma aliyetumwa kuhubiri Australia

KATIKA miezi ya kiangazi, mji wa Kasulu hupata wageni wa aina yake. Huja kwa magari kutoka Kigoma, vijana kwa wazee, wakiwa wamevaa fulana za rangi moja zenye jina la kanisa lao la Ulaya, Marekani au Australia. Hukaa wiki mbili, pengine tatu. Hupaka rangi madarasa, huhubiri kwa msaada wa mkalimani, huimba na watoto, hupiga picha nyingi, kisha huondoka.

Kibondo nako hali ni hiyo hiyo, hasa tangu miaka ya 1990, wakimbizi kutoka Burundi na Kongo walipojaa katika kambi za Mtendeli, Nduta na Kanembwa upande wa Kibondo, na Mtabila, Muyovosi na Nyarugusu upande wa Kasulu. Misheni ya muda mfupi, kama makanisa yanavyoiita, ikawa jambo la kawaida katika miinuko ya Buha.

Wenyeji huwapokea wageni hao vizuri. Hata hivyo, wakishaondoka, hubaki swali ambalo si rahisi kuulizwa mbele yao: mtu anayekuja kwa siku 14, asiyejua Kiha wala Kiswahili, ameleta nini ambacho hakikuwapo, na anaacha nini?

Swali hilo halikuanza leo, na mmoja wa watu waliolijibu vizuri zaidi kwa maisha yao hakuwa Mzungu. Alikuwa mwalimu wa shule kutoka Uganda, aliyefundisha Tanganyika kwa miaka 13 hivi, na ambaye mwaka 1959 alikwenda katika safari ya namna hiyo hiyo, ila kwa kuelekea upande wa pili. Yeye alitoka Dodoma, akavuka bahari kwenda kuwahubiria Waaustralia.

Mtu huyo ni hayati Askofu Festo Kivengere.

Msomaji wa Kasulu ana sababu ya pekee ya kuijua safari hiyo. Wakati ule, Kanisa la Anglikana katika Buha lilikuwa sehemu ya Dayosisi ya Central Tanganyika, ambayo makao yake yalikuwa Dodoma. Dayosisi hiyo ilizaliwa mwaka 1927 na askofu wake wa kwanza, George Chambers, alitoka Sydney. Kwa miongo kadhaa wauguzi, walimu na wachungaji wengi wa kigeni waliotumwa katika dayosisi hiyo walitoka Australia, na fedha nyingi zilitoka huko huko. Ilikuwa hadi mwaka 1966 ndipo Kasulu ilipokuwa makao ya Dayosisi ya Western Tanganyika, chini ya Askofu Musa Kahurananga.

Kwa hiyo Festo hakwenda nchi yoyote tu. Alikwenda katika nchi ile ile iliyozoea kutuma na isiyozoea kupokea.

Alizaliwa mwaka 1919 katika eneo la Rukungiri, Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, katika ukoo wa Wahororo wafugaji. Babu yake alikuwa mtawala wa mwisho wa Rujumbura. Utoto wake ulipita nyuma ya ng'ombe, katika milima ya baridi na ukungu ambayo mtu wa Heru Juu au Manyovu angeiona na kudhani yuko kwao.

Shule ya kanisa ilimfikia akiwa mchungaji wa mifugo. Alijifunza kusoma, akabatizwa, akaendelea na masomo Kabale, kisha akapelekwa Chuo cha Askofu Tucker huko Mukono kusomea ualimu. Alirudi nyumbani akiwa mwalimu kijana mwenye mshahara na sifa, lakini dini ilikuwa imemtoka. Kwa ushuhuda wake mwenyewe wa baadaye, alikuwa mnywaji, mwenye majivuno na mwenye chuki kwa Wazungu.

Alirejea Kigezi wakati mbaya kwa mtu wa namna hiyo. Uamsho uliokuwa umeanza Gahini, nchini Rwanda, na ambao chimbuko lake hutajwa kuwa ni kukutana kwa Simeoni Nsibambi wa Buganda na daktari Mwingereza Joe Church mwaka 1929, ulikuwa umefika Kigezi na kuvuruga utulivu wa kila nyumba. Watu walikuwa wakisimama hadharani na kukiri wizi, uzinzi na uongo. Walirudisha mbuzi walioiba miaka mingi nyuma. Waliitwa Balokole, yaani waliookoka, na wengi waliwaona kuwa ni kero.

Festo naye aliwaona kuwa ni kero, mpaka Jumapili moja ya mwaka 1941.

Siku hiyo rafiki yake, mwalimu mwenzake, alimjia akikimbiza baiskeli, uso ukiwa umemchangamka. Alimweleza kwamba saa chache zilizopita Kristo alikuwa amemfanya mtu mpya, kisha akamwomba radhi kwa mambo matatu aliyokuwa amemkosea na kuyataja moja moja. Festo alibaki amesimama barabarani. Usiku huo alipiga magoti chumbani kwake, na maisha yake yakabadilika moja kwa moja.

Kilichofuata ndicho ambacho mwandishi wa makala haya anakiona kuwa safari yake ya kwanza ya misheni, ingawa hakuna kanisa lililomwaga wala kamati iliyomchangia nauli. Kulikuwa na Mwingereza mmoja, mmisionari, ambaye Festo alikuwa akimchukia kwa muda mrefu. Alipanda baiskeli akaenda maili 50 kwa njia za milimani hadi kwa mtu huyo, si kumlaumu, bali kumwambia kwamba alikuwa akimchukia na kumwomba msamaha. Wote wawili walilia. Mwafrika na Mzungu wakitazamana hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1940, chini ya utawala wa kikoloni, ni jambo ambalo si dogo.

Tangu siku hiyo Festo aliamini kwamba mtu hawezi kupeleka habari njema kwa mwenzake kabla ya kusawazisha naye hesabu zilizo kati yao. Alilisema hilo hata juu ya nyumba yake. Alipenda kusimulia jinsi siku moja alivyogombana na mkewe, Merab, akiwa karibu kwenda kuhubiri, na jinsi dhamiri ilivyomsuta hadi akarudi jikoni kuomba radhi, mahubiri yakisubiri. Si wahubiri wengi wanaopenda kusimulia habari za namna hiyo.

Festo na Merab walifunga ndoa mwaka 1943 na Mungu akawajalia mabinti wanne. Katikati ya muongo huo, mara tu baada ya Vita Kuu ya Pili, wakafanya uamuzi uliowashangaza ndugu zao. Waliacha ng'ombe, ardhi na kazi yenye heshima, wakahamia Tanganyika kuwa wamisionari kwa njia ya ualimu. Festo alianza kufundisha katika Shule ya Alliance mjini Dodoma, ile ambayo vizazi vya baadaye viliijua kwa jina la Mazengo na ambayo majengo yake yalikuja kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana.

Mtu wa Kigezi kuhamia Dodoma ni mtihani. Kigezi ni nchi ya mvua, ndizi na viazi. Dodoma ni nchi ya mtama, mibuyu, upepo wa vumbi na miaka ya njaa. Kigogo hakikuwa na udugu wa karibu na lugha yake, na Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya kujifunza. Alijifunza, tena vizuri, hadi akaweza kuhubiri na kutafsiri kwa ufasaha uliomfanya atafutwe kotekote.

Aliishi hapo kama mgeni wa muda mrefu, Mwafrika chini ya wakuu wa shule wa kizungu, Mganda kati ya Watanganyika. Siku za shule alifundisha, na likizo alizitumia kuzunguka na timu za Uamsho. Mpangilio wa timu hizo ulikuwa rahisi. Ndugu wawili au watatu walikwenda pale walipoalikwa, wakalala katika nyumba za wenyeji, wakala kilichopikwa, wakashuhudia, na kabla ya kuondoka wakakaa na waliowapokea kuulizana kama kuna jambo limeingia kati yao. Uamsho ulikuwa umeingia Tanganyika kwa njia ya magharibi mwa Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1930, na ukaenea kwa miguu ya watu wa namna hiyo kuliko kwa mipango ya ofisi.

Hizo nazo zilikuwa safari za muda mfupi. Tofauti yake na nyingi za siku hizi ni kwamba aliyekwenda alikuwa anajua lugha, au alikuwa na mwenzake anayeijua, na hakuwa na cha kugawa.

Mwaka 1955 jambo kubwa lilitokea katika dayosisi ile. Yohana Omari aliwekwa wakfu huko Namirembe, Kampala, kuwa askofu msaidizi wa Central Tanganyika, na hivyo kuwa Mwafrika wa kwanza wa Kanisa la Anglikana nchini Tanganyika kufikia daraja hilo. Mkuu wake, Askofu Alfred Stanway, alikuwa Mwaustralia. Miaka minne baadaye, Omari alipokwenda kulitembelea kanisa la Australia, Festo alifuatana naye.

Yafaa kukumbuka Australia ilivyokuwa mwaka 1959. Sera ya kuwazuia watu wasio weupe kuhamia nchini humo ilikuwa bado inatumika, na haikufutwa kabisa hadi mwaka 1973. Wenyeji wa asili wa nchi hiyo hawakuwa wakijumuishwa katika hesabu rasmi ya idadi ya watu, na ilibidi katiba ibadilishwe kwa kura ya wananchi mwaka 1967 ili jambo hilo likome. Watu wawili weusi kutoka Dodoma walikaribishwa kuhubiri katika nchi ambayo sheria zake zisingewaruhusu kujenga nyumba na kuishi.

Walipokewa kwa heshima. Walisimama katika mimbari za makanisa ambayo kwa miaka 30 yalikuwa yakiweka sadaka kwa ajili ya Waafrika wasiowajua kwa sura, na sasa Waafrika hao walikuwa mbele yao wakizungumza juu ya dhambi za watu wa kanisani. Walifika pia miongoni mwa wenyeji wa asili, watu waliokuwa wamezoea kuona kwamba anayehubiri ni mweupe na anayehubiriwa ni mweusi.

Ni vigumu kupima safari kama hiyo ilileta nini. Hakuna jengo lililojengwa. Kwa Festo mwenyewe matokeo yalikuwa dhahiri: mwaka huo huo alifunga ukurasa wa Dodoma, akarudi Kigezi kuwa msimamizi wa shule, huku akitambua kwamba darasa halitamtosha tena. Mwaka uliofuata, mhubiri maarufu wa Marekani, Billy Graham, alipozuru Afrika Mashariki, Festo alikuwa mmoja wa wakalimani wake. Maelfu ya watu walimsikia Mmarekani kwa sauti ya mtu wa Kigezi.

Miaka ya 1960 ilimchukua sehemu nyingi za dunia. Alisoma theolojia Pittsburgh, Marekani, akahitimu mwaka 1967 na kuingia katika daraja takatifu akiwa mtu mzima wa karibu miaka 50. Mwaka 1971 alishirikiana na Michael Cassidy wa Afrika Kusini, Mzungu, kuanzisha tawi la Afrika Mashariki la African Enterprise, shirika la uinjilisti wa mijini. Mganda na kaburu, walisema baadhi ya watu, ingawa Cassidy hakuwa kaburu. Walihubiri pamoja nje ya Afrika Kusini, na kusimama kwao bega kwa bega kulikuwa hubiri tosha wakati ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria.

Desemba 1972 akawa Askofu wa Kigezi. Idi Amin alikuwa ametwaa madaraka karibu miaka miwili kabla.

Februari 1973, watu watatu walihukumiwa kuuawa hadharani kwa kupigwa risasi katika uwanja wa michezo wa Kabale. Askofu Festo aliomba ruhusa ya kuzungumza nao kabla ya kufa. Alikwenda akiwaza maneno ya kuwafariji, na alivyosimulia baadaye, aliwakuta wakiwa na amani kuliko yeye. Wao ndio waliomhubiria. Maelfu ya watu waliokuwa wameletwa kwa nguvu kutazama waliondoka kimya.

Miaka minne baadaye zamu ya kanisa lenyewe ilifika. Maaskofu wa Uganda walikuwa wamemwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji. Februari 16, mwaka 1977, waliitwa Kampala na kusimamishwa juani mbele ya askari na silaha zilizodaiwa kuwa zimefichwa na maadui wa serikali. Wote waliruhusiwa kuondoka isipokuwa Askofu Mkuu Janani Luwum. Kesho yake serikali ilitangaza kwamba alikufa katika ajali ya gari. Hakuna aliyeamini.

Festo aliambiwa na marafiki kwamba jina lake ndilo linalofuata. Usiku, yeye na Merab waliacha gari na kupanda milima kwa miguu wakielekea mpaka wa Rwanda, wakiongozwa na watu waliozijua njia. Kulipopambazuka walikuwa upande wa pili, wamechoka, hawana mali.

Mtu aliyekuwa amehubiri katika mabara kadhaa aliingia nchi ya jirani akiwa mkimbizi. Watu wa Kibondo na Kasulu hawahitaji kuelezwa sana maana yake, kwani wamewaona wengi wakishuka vilima vya Burundi kwa namna hiyo, mwaka 1972, mwaka 1993 na tena mwaka 2015, wakati kambi ya Nduta ilipofunguliwa upya.

Uhamishoni hakutulia. Alizunguka Ulaya na Marekani akiomba msaada kwa ajili ya wakimbizi wa Uganda, hasa vijana waliokatishwa masomo. Mwaka huo huo wa 1977 kilitoka kitabu chake ambacho jina lake liliwaudhi hata baadhi ya marafiki zake, kwa kuwa lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Waganda waliofiwa na wazazi na waume waliona ni mzaha. Yeye alishikilia kwamba ikiwa alikwenda kwa baiskeli kwa Mwingereza aliyemchukia, hana ruhusa ya kumwacha Amin nje ya hesabu. Mtu anaweza kutokubaliana naye, na pengine ana haki, lakini hawezi kusema kwamba Festo alilitoa fundisho hilo kwa watu wengine tu.

Majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda yalipoingia Kampala Aprili 11, mwaka 1979, mlango wa kurudi ulifunguka. Mwezi uliofuata Festo alikuwa tena nyumbani, katika dayosisi iliyoporwa na nchi iliyojaa silaha na visasi. Mahubiri yake ya msamaha sasa yalihitaji ujasiri wa namna nyingine, maana waliokuwa wakiwindwa walikuwa watu wa Amin.

Mwaka 1983 aliwapa upadri wanawake watatu wa Kigezi, wakati Kanisa la Uingereza lenyewe lilikuwa bado limefunga mlango huo, nalo halikuufungua hadi mwaka 1994. Mtoto wa misheni alikuwa ametangulia mbele ya mama kwa zaidi ya miaka kumi.

Aliendelea kusafiri. Ziara za wiki mbili hapa na wiki tatu kule zikawa ndizo maisha yake, na wapo waliolalamika kwamba Kigezi ilimwona askofu wake kwa nadra. Lawama hiyo ilikuwa na ukweli. Lakini mahali alipofika, alifika kama mtu aliyewahi kukaa kwa watu miaka 13, akala mtama wao na kujifunza lugha yao kabla hajapewa mimbari kubwa. Aliingia kwa kukiri makosa yake kabla ya kutaja ya wenyeji wake. Mgeni wa namna hiyo, hata akikaa siku tatu, watu humkumbuka.

Dayosisi ile ya zamani ya Chambers nayo imezaa nyingine nyingi. Kibondo, iliyokuwa chini ya Kasulu, baadaye ilipata dayosisi yake. Leo askofu anayewapokea vijana wa fulana za rangi moja kutoka Australia ni Mtanzania, na ni yeye anayepanga watakwenda kijiji gani, watakaa na nani na watafanya nini. Kama atawaomba pia wapeleke timu ya Waha Sydney, hilo halitakuwa jambo jipya.

Askofu Festo aliugua saratani ya damu katika miaka yake ya mwisho. Alifariki dunia mjini Nairobi Mei 18, mwaka 1988, akiwa na umri wa miaka 68 hivi, na mwili wake ukarudishwa Kabale, katika milima ile ile aliyoivuka usiku akiwa mkimbizi, ukazikwa huko. Merab aliishi miaka mingi baada yake.